Habari za fangasi mpya zitoeni kwenye ukurasa wa vituko

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama itakua ndefu kateni mnapotaka ila msikate majina, maana hoja yangu nusu yake ni hayo majina. Kila wanasayansi wa nchi za mbali wakitangaza aina mpya ya uyoga au fangasi, gazeti lenu linaiweka kule nyuma kwenye vituko, katikati ya mbuzi mwenye vichwa viwili na bwana harusi aliyekimbia ukumbini. Picha moja, mistari mitano, kichekesho, imeisha. Ndo mlivyofanya kwa ile fangasi ya buibui ya Ireland ya Kaskazini, mmeandika mazombi mazombi mpaka mwisho, mimi msomaji nikabaki najiuliza sasa imepatikana wapi, na nani, inafanyaje kazi, hakuna jibu. Wakati stori yenyewe ni tamu kuliko hicho kichwa cha habari.

Stori iko hivi. Mwaka 2021 watu wa BBC walikua wanarekodi kipindi chao cha Winterwatch kwenye hifadhi ya Castle Espie, na humo ndani kuna ghala la baruti la enzi za Malkia Victoria, limeachwa miaka, giza na unyevu. Juu darini wakakuta buibui amekufa, mwili mzima umevikwa fangasi. Ikatumwa kwa wataalamu akiwemo Harry Evans wa CABI, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo na mazingira, huyu mzee kazi yake miaka yote ni fangasi zinazoua wadudu na jamaa zao, wakaangalia wakakuta haifanani na yoyote iliyoandikwa. Wakaenda kutafuta kwenye mapango ya huko huko Ireland wakaipata tena. Mwaka 2025 ikatangazwa rasmi, Gibellula attenboroughii, kwa heshima ya David Attenborough, yule mtangazaji wa vipindi vya wanyama ambaye nadhani hata watoto wetu wanamjua kwa sauti.

Sasa sikieni inavyofanya. Buibui wanaoshambuliwa ni wa kujificha, mmoja wao ni Metellina merianae, anakaa kwenye utando wake gizani anasubiri riziki. Akishaambukizwa anatoka mafichoni, anapanda mahali pa wazi, darini au ukutani, anafia hapo hapo. Yeye hana faida yoyote ya kutoka, mwenye faida ni fangasi, kwa sababu pale wazi hewa inapita na mbegu zake za vumbi zinaenda mbali. Kwa hiyo hilo neno zombi silikatai sana, mnaliishia tu mapema mno.

Kitu kingine nilichotaka mkione hapo ni mahali. Ghala. Sio msitu ambao haujakanyagwa na binadamu, ni jengo ambalo watu wamepita mara ngapi sijui, mpaka siku alipopita mtu anayeangalia juu. Na sio mara moja. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Kew, ile bustani ya mimea ya London, Bryn Dentinger na Laura Martínez-Suz, walichukua pakiti ya uyoga mkavu iliyonunuliwa dukani London, ile aina ya porcini wanayopenda Waitaliano kwenye tambi na wali wao, wakachambua vinasaba vya vipande 15 tu kutoka kwenye hiyo pakiti, wakakuta humo kuna spishi tatu na zote tatu hazikua na jina la kisayansi hata moja! Uyoga wenyewe ulitoka Yunnan, China, ambako watu wanauchuma, wanaula na kuuza miaka nenda miaka rudi, na Ulaya wanauagiza toka miaka ya 1970. Watu walishaula, wakausifia, wakalipia na kodi, huku sayansi haijui ni nini. Majina waliyoupa wameyatoa kwenye Kichina, Boletus bainiugan, Boletus meiweiniuganjun na Boletus shiyong, na mimi hilo nimelipenda, maana angalau wenye uyoga wao wameachiwa kitu. Alafu 2020 hao hao wa Kew wakatangaza uyoga mwingine mpya, Cortinarius heatherae, uliookotwa kando ya mto pembeni ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Ndege zinapaa na kushuka mchana kutwa na uyoga upo pale chini umetulia.

Na kwa ukubwa, sidhani kama kuna unaoushinda ule wa Zambia. Termitomyces titanicus, uyoga wa kwenye vichuguu, kofia yake inafika mita moja kwa upana. Mita moja jamani! Wazambia wanaula na kuuza barabarani toka enzi na enzi, lakini kwenye vitabu vya sayansi umeingia 1980, walipouandika Pegler na Piearce. Ukiniuliza kwa nini ulichelewa hivo sina jibu zaidi ya kwamba waliokua wanaujua hawakuulizwa, na wenye kuandika walikua wanaangalia vingine.

Nisije nikaonekana sipendi kucheka. Kuna habari za uyoga ambazo lazima ucheke. Kisiwani São Tomé uligundulika uyoga wa urefu wa kama sentimita tano, wa kundi linaloitwa Phallus, umbo lake watu wazima wameshaelewa, na huu badala ya kusimama umeinama chini. Wakautangaza 2009 na kuupa jina la Robert Drewes, mtaalamu wa vyura na nyoka wa California aliyekua anaongoza safari za utafiti kisiwani hapo, yaani ni rafiki yao kabisa huyo mzee, Phallus drewesii. Inasemekana mwenyewe alifurahi. Hiyo wekeni kwenye vituko, mimi sina neno.

Lakini hata kwenye vichekesho kuna kitu cha kujifunza mkikipa nafasi, chukueni mfano wa ule uyoga wa katuni. Mwaka 2010 kwenye msitu wa Lambir Hills, Sarawak, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, waliokota kitu cha rangi ya chungwa, kimejaa mashimo mashimo, hakina kofia wala shina, ukikikamua maji yanatoka na ukikiachia kinarudi umbo lake kama sponji la kuoshea vyombo, na kinanuka kama matunda. Dennis Desjardin wa chuo kikuu cha San Francisco State na wenzake wakakiita Spongiforma squarepantsii, kutokana na yule sponji wa kwenye katuni, SpongeBob SquarePants. Wahariri wa jarida la Mycologia mwanzoni walilikataa hilo jina, wakaona ni utani usiofaa kwenye sayansi, Desjardin na wenzake wakakaza kwamba sheria inawaruhusu kuita wanavyotaka, na mwaka 2011 likatoka hivo hivo. Mnaona, hata wahariri wenzenu huko wanapata shida na uyoga.

Mliandika kuhusu katuni, kweli, na mkaishia hapo. Hamkuandika kwamba huyu sponji ni wa familia moja na wale porcini wa kwenye pakiti ya London. Vinasaba ndo vilivyosema hivo, kwa macho usingekubali kamwe. Wataalamu wanasema ukoo wake ulikua na kofia na shina kama uyoga mwingine, vikapotea kadri muda ulivyokwenda. Uyoga wa kawaida unajiinua juu ili mbegu zidondoke na upepo uzichukue, huu hauna cha kuinulia, kwa hiyo inavyoonekana unategemea harufu kuita wanyama waje wazisambaze. Na ile tabia ya kujaa maji na kurudi ndo inayouokoa, ukikauka unasinyaa, unyevu ukirudi unafufuka. Wakauweka kwenye hadubini ya elektroni wakakuta uso wake unaonekana kama sakafu ya bahari iliyoota sponji, kwa hiyo jina nalo likapata nguvu zaidi. Ndugu yake wa kwanza, Spongiforma thailandica, alishatangazwa 2009 kutoka mbuga ya Khao Yai, Thailand, na huyo hana harufu ya matunda, ananuka lami. Sasa niambieni mistari mitano inatosha hapo?

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Brazil. Usiku mmoja Desemba 1839 Mskoti mmoja mtaalamu wa mimea, George Gardner, alikua kwenye mji mdogo wa Natividade, akaona watoto wanacheza mtaani na kitu kinachowaka. Akadhani ni kimulimuli mkubwa. Kukishika, uyoga! Wenyeji walikua nao siku zote na jina wamempa, flor de coco, maana unaota kwenye majani yanayooza ya aina fulani ya mchikichi mfupi. Gardner akaupeleka Uingereza, 1840 ukapewa jina la kisayansi, alafu, na hapa ndo nashangaa, sayansi ikaupoteza. Zaidi ya miaka 150 hakuna mtaalamu aliyeuona tena, mpaka karne hii ulipookotwa upya huko huko Brazil, na sasa unaitwa Neonothopanus gardneri. Watoto wa Natividade wangeulizwa wangewapeleka moja kwa moja.

Mwaka 2015 watafiti wakaeleza mwanga wake ni wa kazi gani. Walitengeneza uyoga wa plastiki, wakautilia taa ya kijani ndani na gundi juu, wakauacha msituni usiku, mwingine wakauweka bila taa. Ule wenye taa ukanasa wadudu wengi zaidi. Na uyoga wenyewe una saa yake ndani, usiku mwanga unapanda, mchana unashuka, hautumii nguvu bure. Wadudu wakija wanaondoka na mbegu. Kwenye misitu ya jimbo la São Paulo nako kuna kauyoga kadogo sana, kofia haifiki hata sentimita moja, mashina yake yanawaka rangi ya kijani saa zote 24, kalipewa jina 2010, Mycena luxaeterna, yaani nuru ya milele, maneno waliyoyatoa kwenye misa ya wafu ya Mozart. Na hao wanaowaka wanaojulikana ni mia na kidogo tu kwenye fangasi zote za dunia.

Sasa nasikia mhariri unasema haya ni mambo mazuri lakini ni ya huko kwao, msomaji wa Morogoro au Mtwara yanamhusu nini. Hapo ndo nilipokua napataka.

Mwaka 1999 huko Marekani ilitangazwa fangasi mpya. Haikua uyoga, ni kitu cha hadubini kinachoishi majini na kwenye ngozi ya vyura. Vyura walikua wanakufa kwenye bustani ya wanyama ya taifa kule Washington, sampuli ikapelekwa kwa Joyce Longcore wa chuo kikuu cha Maine, akaikuza maabara, yeye na wenzake wakaipa jina Batrachochytrium dendrobatidis. Chura anakunywa maji na kuvuta hewa kwa ngozi, fangasi ikishaishika ngozi chumvi za mwilini zinavurugika, moyo unasimama. Kama gazeti la Kiswahili liliiandika mwaka ule, nina uhakika liliiandika kwenye vituko, vyura wa Wazungu wanaugua fangasi, hahaha.

Miaka minne baadae, 2003, vyura wa Kihansi walianza kufa. Nyie wote mnawajua, wale vyura wadogo wa rangi ya njano wanaozaa watoto badala ya kutaga, wanaopatikana kwenye korongo moja tu dunia nzima, milima ya Udzungwa. Walishabanwa na bwawa la umeme ambalo lilipunguza ule mvuke wa maporomoko waliokua wanauishi, wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji, wakaanza kurudi, mwaka 2003 walikua wanahesabika kwa maelfu, alafu ndani ya muda mfupi wakaisha. Maiti zilipopimwa fangasi ile ile ilikuwemo. Sisemi ni fangasi peke yake, bwawa lina sehemu yake kubwa tu na watu wanabishana mpaka leo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Kilichowaokoa ni kwamba karibu mia tano walishapelekwa Marekani mapema, wakazaliana kwenye bustani za Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Utafiti wa 2018 umeonyesha asili ya hiyo fangasi ni Asia ya mashariki, upande wa rasi ya Korea, na biashara ya kusafirisha vyura hai ndo inayotajwa kuisambaza. Mwaka 2019 wakahesabu spishi 501 za vyura na jamaa zao duniani zilizopungua kwa sababu yake, 90 kati ya hizo inaaminika zimetoweka kabisa.

Hiyo ndo ya mbali iliyofika mlangoni. Na za binadamu zipo. Mwaka 2009 madaktari Japan walieleza fangasi mpya waliyoipata kwenye sikio la mgonjwa, wakaiita Candida auris. Sikio tu, nani angejali? Leo ipo hospitali za mabara kibao, inaingia kwenye damu ya wagonjwa mahututi, inakaa kwenye vitanda na vifaa, dawa nyingi za fangasi haizisikii, na Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la juu kabisa la fangasi hatari, zipo nne tu kwenye hilo kundi. Wala sio zote mbaya. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Kenya, walitangaza 2020 kijidudu cha ukoo wa fangasi, Microsporidia MB, ndani ya mbu wa pembeni ya Ziwa Victoria, mbu mwenye nacho vimelea vya malaria vinashindwa kukua mwilini mwake, na sasa wanahangaika kutafuta njia ya kukisambaza kwa mbu wengi. Hiyo mliandika? Niliitafuta kwenu sikuiona.

Kuhusu wingi wake nitapita haraka. Kew kwenye ripoti yao ya 2023 wamesema fangasi zenye majina ni kama 155,000, na makadirio ya zote zilizopo ni milioni 2.5. Kila mwaka zinapewa majina kama 2,500 hivi. Pigeni wenyewe hesabu, ni miaka karibu elfu moja ya kazi. Kwa hiyo aina mpya sio muujiza, zinatangazwa kila wiki, kinachokosekana ni watu wa kuangalia na maabara za kupimia. Ndo maana nasema mkiandika andikeni aliyeangalia ni nani.

Na isiwe kwamba eti hamna wa kumuuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Donatha Tibuhwa, ambaye mwaka 2012 aliandika kuhusu uyoga wa rangi ya njano na chungwa tunaouchuma misitu ya miombo na kuonyesha kwamba baadhi ya hao wa Afrika wanastahili kundi lao wenyewe, Afrocantharellus. Mtu wa namna hiyo mkimpigia simu atawaeleza kwa Kiswahili kabisa ile fangasi ya buibui inafanyaje, kuliko kutafsiri nusu ukurasa wa shirika la habari la nje na kukata ilipokua inaanza kunoga.

Ombi langu ni dogo. Inapotoka aina mpya wekeni jina lake kamili hata kama ni gumu, msomaji mwenye simu atalitafuta mwenyewe. Wekeni ilipookotwa na iliota kwenye nini. Wekeni kama wenyeji walikua wanaijua na wanaifanyia nini. Na mseme sampuli imehifadhiwa wapi, kwa sababu sheria ni kwamba bila sampuli iliyotunzwa mahali jina halikubaliki, na toka 2013 lazima jina jipya la fangasi liandikishwe kwenye daftari la kimataifa na lipewe namba. Kew peke yao wana sampuli zaidi ya milioni moja kwenye makabati. Hiyo ni habari ya kurasa za sayansi na mazingira, na kama huo ukurasa mmeufuta basi wekeni kwenye afya au kilimo.

Alafu ile picha mliyoiweka kwenye habari ya buibui, uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Gibellula haina kofia wala madoa, inaota juu ya mzoga wa buibui. Mlichochapisha ni Amanita muscaria, ambao jina lake lipo kwenye vitabu toka kwa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mtindo wa majina ya kisayansi, mwaka 1753, na una sumu. Naomba msahihishe kwenye toleo lijalo kabla hajatokea mtu akadhani ni huo mpya na ni wa kula.

Msomaji wenu, fundi maabara mstaafu,
Morogoro.